Daudi Alipomlilia Abneri



Kuna kisa katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya tatu, ambacho mimbarini hatukigusi mara nyingi. Abneri, jemadari wa nyumba ya Sauli, alipigana na Daudi kwa muda mrefu. Hatimaye akageuka, akashuka Hebroni na watu 20 kufanya mapatano. Daudi akawaandalia karamu, wakala, wakasikilizana, akawaaga kwa amani. Abneri hakufika mbali. Yoabu, jemadari wa Daudi, alirudi kutoka vitani, akaambiwa yaliyopita, akatuma wajumbe wamrudishe yule mgeni. Pale langoni akamvuta kando kama mtu mwenye neno la faragha, akamchoma tumboni. Ilikuwa kisasi: Abneri ndiye aliyemuua vitani Asaheli, ndugu yake Yoabu.

Hapo Daudi yuko pabaya. Mgeni aliyekula mezani pake ameuawa kwenye lango la mji wake, na muuaji ni mtu wake wa karibu. Nani huko kaskazini, kwa watu wa nyumba ya Sauli, ataamini kwamba karamu ile haikuwa mtego? Daudi akatamka kwamba hana hatia, akailaani nyumba ya Yoabu. Maneno ya namna hiyo kila mtawala anayo. Lakini hakuishia hapo. Aliamuru watu wote, Yoabu mwenyewe akiwemo, wararue mavazi yao na kuvaa magunia. Yeye mfalme akatembea nyuma ya jeneza. Kaburini akapaza sauti akalia, kisha akamtungia marehemu shairi la maombolezo, fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi mbili tatu. Shairi lile halimtaji muuaji kwa jina, wala halifichi kwamba lililotendeka ni uovu. Watu wakazidi kulia. Walipomsihi ale chakula, akaapa hataonja kitu kabla jua halijatua. Ndipo mwandishi anatueleza, katika mstari wa 37, kwamba siku hiyo Israeli yote walitambua kuwa mfalme hakuhusika na mauaji yale.

Usomeni mstari huo taratibu. Watu hawakushawishiwa na tamko wala na laana. Walimwona mfalme akilia, wakasikia anamlilia nani na kwa maneno gani, wakaamini. Sura mbili mbele, makabila yote ya Israeli yanakuja Hebroni kufanya agano na Daudi. Katikati hapo bado damu ilimwagika, maana Ishboshethi, mwana wa Sauli, naye aliuawa kitandani mwake. Na Yoabu hakuadhibiwa. Daudi alikiri wazi kwamba wana wa Seruya, yaani Yoabu na nduguye, wamemzidi nguvu, na hesabu ile ikaja kulipwa zama za Sulemani. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba shairi hutosha mahali pa haki. Nasema tu kwamba bila kilio kile, mlango wa Hebroni ungefungwa siku ileile.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu tumezoea kuyaona mashairi kuwa pambo. Kwenye sherehe zetu ngonjera hupewa dakika chache kabla ya mgeni rasmi, watoto wanapigiwa makofi, kisha tunaingia kwenye mambo tunayoyaita ya maana. Maandiko hayafanyi hivyo. Zaburi zote 150 ni mashairi, na sehemu kubwa ni manung'uniko ya watu walioumizwa. Manabii walisema mengi ya yale waliyotumwa kwa njia ya ushairi. Ayubu alipofunguliwa kinywa baada ya kukaa kimya siku saba, alichotoa ni shairi. Maumivu yanapozidi uwezo wa maelezo ya kawaida, Biblia huhamia kwenye wimbo.

Aliyenifungua macho nikisome kisa cha Abneri namna hii hakuwa mwanateolojia. Ni Rita Joe, mshairi wa watu wa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa pwani ya mashariki ya Kanada. Alizaliwa mwaka 1932 katika kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia. Mama yake alifariki Rita akiwa na miaka mitano, na baba naye akafa binti angali mdogo. Akalelewa nyumba hii na nyumba ile, nyingine zenye upendo, nyingine zenye mateso. Alipofika miaka 12 alimwandikia mwenyewe afisa wa serikali aliyesimamia mambo ya wenyeji wa asili, akaomba apelekwe shule ya bweni ya Shubenacadie. Fikirini mtoto yatima wa miaka 12 anashika kalamu kuomba nafasi ya kusoma, bila mtu mzima wa kumsemea.

Shule hiyo ilikuwa jengo la matofali juu ya kilima, karibu na reli. Serikali ya Kanada ilitoa fedha, na Kanisa letu Katoliki, kupitia padre msimamizi na masista, likaiendesha tangu 1930 hadi 1967. Humo watoto walikatazwa kusema Kimi'kmaq. Aliyesikika akiongea lugha ya mama yake aliadhibiwa. Walinyolewa, wakavishwa sare, wakaamshwa kwa kengele, wakafundishwa kwamba walichotoka nacho nyumbani ni cha kuonewa haya. Rita alikaa huko mpaka alipotimiza miaka 16.

Lipo jambo ambalo sisi Wakatoliki hatupaswi kulipita haraka. Watu wa Mi'kmaq hawakuwa wapagani waliosubiri kuletewa Injili na shule ile. Chifu wao mkuu, Membertou, alibatizwa tarehe 24 Juni 1610, sikukuu ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji. Mtakatifu Anna, bibi yake Bwana wetu, ni msimamizi wao, na kila Julai hukusanyika kisiwani Cape Breton kumheshimu. Shubenacadie ilipofunguliwa, ubatizo wa Membertou ulikuwa umetimiza miaka 320. Masista waliowachapa watoto wale waliwachapa ndugu zao katika imani, wajukuu wa watu waliosali Rozari kwa lugha hiyohiyo iliyokatazwa.

Tusidhani haya ni ya ng'ambo peke yake. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi katika shule za Kenya ya mkoloni mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu alivyochapwa viboko, au kuvishwa shingoni bati lenye maneno ya kumtukana. Wengi mnaosoma tafakari hii mnakijua kibao hicho kwa majina yake mbalimbali. Wengine mmekivaa. Mnajua kinavyozunguka: ukikivaa, unatakiwa umvizie mwenzako ateleze ulimi, umpe yeye. Kinawafanya watoto wapelelezane juu ya sauti ya nyumbani kwao. Na shule nyingi tulizosomea zilikuwa za misheni.

Rita Joe hakuanza kuandika mapema. Alikuwa ameolewa, anaishi katika kijiji cha Eskasoni, anakuza watoto wengi. Wanawe walikuwa wakirudi na masomo yanayowaeleza watu wao kuwa washenzi wakatili. Mama huyo akaona hakuna kitabu cha kuwapa watoto kinachosema vingine, akaamua kukiandika. Mwaka 1974 alishinda tuzo ya waandishi wa Nova Scotia, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha kwanza cha mashairi, mengine yakiwa kwa Kiingereza na Kimi'kmaq pamoja. Lugha aliyopigwa kwa ajili yake ikasimama kwenye ukurasa uleule na lugha ya waliompiga. Mwaka 1989 taifa lake lilimtunuku Nishani ya Kanada.

Nyumbani kwake pia palikuwa na vita. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1996, anaeleza kwamba mumewe alimpiga kwa miaka kadhaa, na kwamba baadaye mume huyo alibadilika. Nalitaja kwa uangalifu, kwa kuwa najua maneno haya yanaweza kutumiwa vibaya. Asitokee mtu, awe padre au mzee wa Kanisa, akamwambia mwanamke anayepigwa avumilie mpaka mume abadilike. Mwanamke huyo atafutiwe mahali salama kwanza. Ninachotaka mwone ni kwamba mwanamke huyu alipozungumzia amani hakuizungumzia kutoka kwenye kochi. Alijua kipigo cha shule na kipigo cha nyumbani.

Shairi lake linalojulikana kuliko yote ni fupi, halifiki mistari 20, na maneno yake mtoto wa darasa la nne anayaelewa. Linaitwa "I Lost My Talk". Linasimulia jinsi lugha yake ilivyonyang'anywa shuleni alipokuwa msichana mdogo, na jinsi anavyojikuta akisema na kufikiri kama wale waliomnyang'anya. Kisha, mwishoni, ananyoosha mkono na kuomba aachiwe aitafute lugha yake, apate kumfundisha msikilizaji yeye ni nani.

Mpangilio huo ndio ulionikamata. Haanzi na msamaha. Anaanza na kitu kilichochukuliwa, anakitaja, anamwambia aliyekichukua uso kwa uso kwamba ni wewe. Baada ya hapo ndipo mkono unanyooshwa, tena hauombi kupigwapigwa begani wala kupewa pole. Unaomba uachiwe kukitafuta kilichochukuliwa. Na faida ya kukipata inamwendea hata yule aliyekosa, kwa kuwa atafundishwa asichokijua. Daudi naye pale Hebroni alikwenda kwa utaratibu huo: kwanza alisema wazi kwamba mtu huyu ameuawa kwa uovu, ndipo watu wakakubali kukaribiana.

Sisi huku mara nyingi tunageuza. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kupatanisha ndugu, na najua tunavyoharakisha kushikanisha mikono. "Yaliyopita si ndwele," tunasema, "tugange yajayo." Methali ni nzuri kinywani mwa aliyeumizwa akiamua mwenyewe kusonga mbele. Kinywani mwa aliyeumiza, au mwa msuluhishi anayetaka kikao kiishe kabla ya chakula, inakuwa amri ya kunyamaza. Hiyo ni amani ya funika kombe mwanaharamu apite, na akishapita, kombe linafunuliwa na uvundo ni uleule.

Nakumbuka kikao kimoja cha ndugu waliogombania shamba la marehemu baba yao. Saa nzima walitoleana vielelezo: mpaka ulipita hapa, mkorosho ule nilipanda mimi. Mama yao mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, hajaulizwa neno. Ghafla akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa msiba walioimba wanawake wa ukoo siku baba alipozikwa, ila alikuwa akibadilisha maneno, anaingiza majina ya wanawe, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mambo waliyoyafanya utotoni: nani alibebwa mgongoni na nani wakati wa mafuriko, nani alimwachia nani uji. Aliwataja kwa kilugha chao. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kumkatiza, mtu akamshika mkono. Mkubwa wao aliinama akawa anachora chini kwa kidole, na mdogo akatoka nje. Siku hiyo shamba halikugawanywa. Iliwachukua miezi na karatasi nyingi. Lakini kuanzia hapo waliongea kama ndugu wenye mgogoro, na kabla ya hapo walikuwa maadui wenye jina moja la ukoo.

Wanaofanya kazi hii ya kuombolezea amani kwa kawaida ni wale ambao hawakuitwa kikaoni. Mama yule hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Rita Joe hakuwa mjumbe wa tume yoyote alipoandika. Alifariki tarehe 20 Machi 2007, baada ya ugonjwa wa Parkinson kumtetemesha mikono kwa miaka, na kwenye taipureta yake likakutwa shairi ambalo hajalimaliza. Serikali ya Kanada iliomba msamaha bungeni kwa ajili ya shule za bweni tarehe 11 Juni 2008. Mwanamke huyu alikuwa kaburini tayari, mwaka mmoja na zaidi.

Mwaka huohuo ilianza kazi Tume ya Ukweli na Maridhiano, ikaendelea hadi 2015. Ilisikiliza mashahidi zaidi ya 6,500, ikaeleza kwamba watoto wapatao 150,000 walipitia shule hizo nchini kote, nyingi zikiwa mikononi mwa Kanisa Katoliki. Ilitoa wito 94. Wito wa 58 ulimtaka Baba Mtakatifu aende Kanada ndani ya mwaka mmoja na kuomba msamaha kwa niaba ya Kanisa. Ilichukua miaka saba. Nalisema kwa uchungu, nikiwa padre ninayelipenda Kanisa hili: aliyejeruhiwa alitangulia kunyoosha mkono, nasi tukachelewa kuushika.

Baba Mtakatifu Fransisko alifika, akiwa mgonjwa wa goti, kwenye kiti cha magurudumu. Tarehe 25 Julai 2022, huko Maskwacis, Alberta, aliomba msamaha kwa uovu uliotendwa na Wakristo wengi dhidi ya watu wa asili. Wapo walionusurika waliofarijika na wapo waliosema haitoshi, na wote wana haki ya kusema. Baadaye tukio lililokuwa nje ya ratiba likatokea. Mwanamke mmoja wa watu wa Cree, amevaa mavazi ya asili, alisimama mbele ya umati akaimba kwa lugha yake, kwa mahadhi yaliyofanana na wimbo wa taifa. Ngumi alikuwa amezikunja. Machozi yalimtiririka. Hakuna aliyemzuia. Alipomaliza aligeuka akaondoka.

Nimeitazama picha ile mara nyingi. Rita Joe alitoa mkono uliofunguka, na mwanamke huyu alisimama na mkono uliokunjwa. Wapo wanaopenda kusema kwamba wa kwanza ndiye Mkristo na wa pili ana hasira tu. Mimi siwezi kusema hivyo na huku Zaburi ya 137 ikiwa kwenye Biblia yangu. Mateka wale wa Babeli waliombwa na waliowateka wawaimbie nyimbo za nyumbani kwa ajili ya burudani, wakagoma, wakatundika vinubi vyao, na wimbo walioutunga badala yake unaishia kwa maneno makali ambayo tunayaruka kwenye liturujia. Roho Mtakatifu hakuyaondoa. Aliyahifadhi ili mtu mwenye ghadhabu ya kweli apate pa kuipeleka, mbele ya Mungu, kabla haijageuka panga. Mwanamke wa Maskwacis aliipeleka mbele ya Papa, kwa wimbo. Hakumpiga mtu. Hiyo nayo ni kazi ya amani, na Papa alifanya vema kukaa kimya akamsikiliza.

Uponyaji wenyewe unakwenda polepole, na mara nyingi unawafikia wajukuu kabla ya waliopigwa. Januari 2016, okestra ya taifa ya Kanada jijini Ottawa ilipiga kwa mara ya kwanza muziki uliotungwa na John Estacio kutokana na shairi la Rita Joe. Mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari ya Eskasoni walitunga wimbo wao wenyewe kulijibu shairi hilo, na ndani yake wakaimba Kimi'kmaq. Watoto wa kijiji alichoishi, wakiwa shuleni na wakiwa na walimu wao, wanaimba hadharani lugha ambayo kwayo bibi zao walichapwa. Jengo la Shubenacadie liliungua mwaka 1986 na halipo tena.

Wiki hii basi, katika jumuiya zetu ndogondogo, naomba tusome sura ya tatu ya Samweli wa Pili, kuanzia mstari wa 22, na baada yake Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la faraja. Kiongozi asikimbilie kuiwekea faraja yake. Kaeni kimya kidogo. Akiwepo mwenye kilio, wa shamba, wa ndoa, wa mtoto aliyeuawa katika machafuko, au wa jambo alilotendewa ndani ya Kanisa hili, akitoe kwa lugha inayomtoka, hata kama nusu ya waliopo hawaielewi. Asikatizwe, asisahihishwe, wala asiulizwe kama ameshasamehe. Na ikiwa aliyemkosea yupo hapo, kazi yake jioni hiyo ni kusikiliza mpaka mwisho.

Nanyi wakuu na walimu wa shule zetu za Kanisa, nina ombi moja. Kiingereza kifundisheni kwa bidii, watoto wanakihitaji. Lakini kama kipo kibao mnachowavisha watoto kwa kosa la kusema lugha ya mama zao, kitoeni kabla ya kengele ya Jumatatu asubuhi.